Kodi, Pango na Daftari la Raia: Mgomo wa Wakulima wa Bardoli, 1928

Utangulizi

Neno 'kodi' katika Kiswahili hubeba mizigo miwili. Mwananchi hulipa kodi serikalini, na mpangaji hulipa kodi kwa mwenye nyumba. Muktadha ndio huamua ni ipi inayokusudiwa, na aghalabu msemaji hapati taabu yoyote. Hata hivyo, yapo matukio ya kihistoria ambayo mfasiri akiyaeleza kwa neno hilo moja tu huwa ameiua hoja kabla ya kuianza. Mgomo wa wakulima wa Bardoli, katika Wilaya ya Surat, Gujarat, magharibi mwa India, ni mojawapo. Mwaka 1928 wakulima hao walikataa kulipa kodi ya ardhi kwa serikali ya kikoloni ya Mkoa wa Bombay kwa muda wa karibu miezi sita. Kiini cha mgogoro kilikuwa swali linaloelekea kufichika ndani ya neno letu: je, fedha anazotoa mkulima kwa serikali kila mwaka ni malipo ya raia kwa dola yake, au ni malipo ya mpangaji kwa mwenye shamba?

Ili swali hilo lisipotee njiani, makala haya yanatumia 'kodi' kwa maana ya malipo yanayokwenda serikalini peke yake, na 'pango' kwa malipo anayotoa mtu anayelima shamba la mwenzake. Kwa kawaida 'pango' huhusishwa na nyumba, lakini hapana ubaya wa kulipeleka shambani.

Habari za Bardoli zimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushujaa, na hasa kama kisa cha Vallabhbhai Patel, mwanasheria aliyeondoka pale na lakabu ya 'Sardar'. Ushujaa ulikuwapo. Lakini kilichoishinda serikali hatimaye ni hesabu yake yenyewe iliyofumuliwa mbele ya macho ya watu, na kilichowawezesha wakulima kuifumua ni lugha: uwezo wa kuyatoa mambo ya kodi katika Kiingereza cha ofisini na kuyaweka katika Kigujarati cha kijijini.

Raia na daftari lake

Mkulima wa India aliyelipa kodi moja kwa moja kwa serikali aliitwa 'raiyat', neno ambalo Waingereza walilitamka na kuliandika kwa namna yao. Msomaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa. Ni 'raia' wetu, kutoka shina lile lile la Kiarabu linalohusu kuchunga mifugo. Katika Kiswahili cha leo raia ana haki na kitambulisho. Katika vitabu vya watawala wa India raiyat alikuwa kwanza kabisa jina katika daftari, na mbele ya jina hilo namba ya shamba na kiasi cha rupia.

Utaratibu huu haukuenea India nzima. Kule Bengal, makubaliano ya kudumu ya mwaka 1793 yaliwafanya mabwanyenye walioitwa 'zamindar' kuwa ndio walipaji, na kiasi walichodaiwa kikafungwa kisibadilike. Mabwanyenye nao waliwatoza wakulima pango. Katika mikoa ya Madras na Bombay utaratibu ulikuwa wa raiyat: kila shamba lilipimwa, udongo wake ukapangwa kwa daraja, kodi yake ikaandikwa, na mkulima akaachiwa ardhi alimradi alipe. Mkoani Bombay viwango hivyo vilifanyiwa marekebisho kila baada ya miaka 30. Ofisa wa serikali alipita wilayani akitazama bei za mazao, barabara, reli, mifugo na hali ya watu, kisha akapendekeza kodi ipande kwa kiasi gani. Kodi kushuka ni jambo lililotokea kwa nadra sana.

Katika kijiji watu wawili ndio waliokuwa uso wa serikali. Mmoja alikuwa 'talati', karani aliyetunza daftari. Wa pili alikuwa mkuu wa kijiji, aliyeitwa 'patel'. Ndiyo asili ya jina la ukoo linalofahamika sana Nairobi na Kisumu, na kwa hakika wengi wa akina Patel waliohamia Afrika Mashariki wana asili ya Charotar, eneo lililokuwamo katika Wilaya ya Kheda ya wakati huo, kaskazini mwa Surat. Fedha zenyewe pia si ngeni kwetu. Rupia moja ilikuwa na ana 16 na paisa 64. Paisa hiyo ndiyo iliyotupa 'pesa', na 'laki', yaani 100,000, ni neno la makarani na wafanyabiashara wa Kihindi. Rupia yenyewe ilitumika katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1920.

Sasa, malipo ya raiyat yalikuwa kodi au pango? Maofisa wengi wa kikoloni walishikilia kwamba tangu enzi za wafalme, mwenye ardhi ya India ni mtawala, na kwa hiyo alichotoa mkulima kilikuwa sehemu ya haki ya mwenye mali. Romesh Chunder Dutt, aliyekuwa ofisa mkuu serikalini kabla ya kustaafu, alichapisha mwaka 1900 barua za wazi kwa Gavana Mkuu, Lord Curzon, akilalamika kuwa viwango vizito na visivyotabirika vilimwacha mkulima bila akiba ya kukabili miaka ya ukame. Serikali ilijibu kwa azimio la mwaka 1902 ikikana kwamba kodi ndiyo chanzo cha njaa. Mjadala huo haukuwa wa kinadharia tu. Anayelipa pango hupangiwa na mwenye mali. Anayelipa kodi anaweza kudai kuwa na sauti katika kuipanga. Mkoani Bombay sauti hiyo ilikuwa imezibwa kisheria: sheria ya mwaka 1876 iliziondolea mahakama za madai uwezo wa kusikiliza kesi dhidi ya serikali kuhusu ukadiriaji wa kodi ya ardhi. Mkulima aliyeona hesabu ina kosa hakuwa na hakimu wa kumwendea. Aliyemkadiria ndiye aliyesikiliza rufani yake.

Ana nne za Kheda

Kabla ya Bardoli kulikuwa na Kheda. Mwaka 1917 mvua ilizidi kipimo wilayani humo na mazao yakaharibika, wakati ambapo tauni ilikuwa ikiua watu na vita vya dunia vimepandisha bei za bidhaa. Kanuni za serikali zenyewe ziliruhusu ukusanyaji wa kodi usimamishwe endapo mavuno yalipungua sana. Kipimo kilitolewa kwa lugha ya fedha. Zao kamili lilihesabiwa kuwa ana 16, kama ilivyo rupia kamili. Zao likiwa chini ya ana nne, yaani robo, mkulima alistahili kuahirishiwa kodi ya mwaka huo.

Wakulima walisema zao halikufika ana nne. Maofisa walisema limezidi. Hapo tu ndipo penye mgogoro wote wa Kheda, na ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa jinsi kitu kisichopimika kwa mizani, yaani macho ya karani akitazama shamba, kinavyogeuka kuwa tarakimu yenye nguvu ya sheria. Mohandas Gandhi aliomba uchunguzi huru, akanyimwa. Tarehe 22 Machi 1918, mjini Nadiad, mgomo ukatangazwa. Kiapo walichokula wakulima kilikuwa na kipengele cha kuvutia: wenye uwezo waliahidi kulipa mara moja iwapo serikali ingewaahirishia maskini. Wenye nafasi waligoma kwa ajili ya kuwakinga wasio nacho, kwa hofu kwamba tajiri akilipa, maskini angeuza ng'ombe au angekopa ili asionekane mkaidi.

Serikali ilikamata mifugo na vyombo, ikatoza na faini ya robo ya deni juu ya deni lenyewe. Shamba moja la vitunguu lilipozuiliwa kwa njia ambayo Gandhi aliiona si halali, Mohanlal Pandya na wenzake waliingia wakang'oa vitunguu. Walifungwa kwa siku chache, na Pandya akatoka gerezani na cheo kipya, 'Dungli Chor', mwizi wa vitunguu, alichokivaa kwa fahari. Mzaha huo ulifanya kazi ambayo hotuba kumi zisingeifanya, kwa kuwa uliondoa aibu katika neno 'mfungwa'.

Mwezi Juni mgomo ulikwisha kwa serikali kukubali kwamba wasio na uwezo waahirishiwe. Gandhi mwenyewe aliandika baadaye katika tawasifu yake kwamba mwisho ule haukumfurahisha, kwa sababu maskini waliostahili nafuu hawakuipata ipasavyo. Kanuni ya ana nne ilibaki, na mamlaka ya kukadiria yakabaki mikononi mwa yule yule.

Makadirio ya mwaka 1925

Bardoli ilikuwa taluka, yaani tarafa, yenye vijiji 137 na watu wasiopungua sana 88,000. Udongo wake mweusi ulifaa kwa pamba. Jina lake lilikuwa limekwisha kusikika siasani: lilikuwa limechaguliwa kuanzisha mgomo mkubwa wa kodi, lakini baada ya polisi kuuawa na umati huko Chauri Chaura, kamati ya Congress ilikutana hapo hapo Bardoli tarehe 12 Februari 1922 na kuufuta mpango wote. Wakulima waliokuwa wamejiandaa waliambiwa warudi mashambani.

Muda wa miaka 30 tangu makadirio ya 1896 ulipokaribia kwisha, kazi ya marekebisho ilipewa M. S. Jayakar, naibu mtoza kodi. (Asichanganywe na M. R. Jayakar, mwanasiasa wa Bombay wa zama hizo hizo.) Taarifa yake ilipendekeza ongezeko la takriban asilimia 30 juu ya kodi ya tarafa iliyokuwa zaidi kidogo ya rupia laki tano. Sababu alizozitaja zilikuwa za aina iliyozoeleka: reli ya Bonde la Tapti imejengwa, barabara zimeboreka, watu wameongezeka, bei za mazao zimepanda, na nyumba nzuri zimejengwa vijijini.

Hoja ya nyumba inastahili kutuliwa kidogo. Ni kweli nyumba mpya zilikuwapo. Lakini familia nyingi za Bardoli zilikuwa na ndugu waliokwenda kutafuta maisha Afrika Kusini, na wakulima walijibu kwamba fedha za matofali zilitoka huko, si katika pamba. Ofisa alitazama ukuta akasoma rutuba ya udongo. Wenyeji waliutazama ukuta ule ule wakasoma jasho la mhamiaji ng'ambo ya bahari, jasho ambalo kodi ya ardhi haikuwa na haki ya kuligusa.

Taarifa ya Jayakar ilipofika kwa Kamishna wa Makadirio, F. G. H. Anderson, alizikataa hoja zake nyingi. Hata hivyo, hakuikataa nia ya kuongeza. Alichukua njia nyingine: alitazama pango. Kama wapangaji wa Bardoli wanawalipa wenye mashamba pango kubwa kuliko zamani, ilhali kodi ya serikali imebaki pale pale, basi ardhi ina ziada, na serikali inastahili sehemu ya ziada hiyo. Kwa njia hii alifikia kiwango kilichokaribiana sana na cha Jayakar. Serikali ya Bombay, baada ya malalamiko, ilipunguza ongezeko hadi takriban asilimia 22 na kulitangaza mwaka 1927.

Njia ya Anderson ilionekana safi, lakini iliegemea mguu mmoja, nao ulikuwa mbovu. Sehemu kubwa ya mashamba ya Bardoli ililimwa na wenyewe. Yaliyopangishwa yalikuwa machache. Na katika hayo machache, mengi ya 'mapango' hayakuwa pango. Mkulima aliyezidiwa na deni humwekea mkopeshaji shamba rehani, kisha hulilima shamba hilo hilo kama mpangaji wake. Kila mwaka hutoa kiasi fulani, na katika hati kiasi hicho huitwa pango, lakini kwa hakika ni riba. Isitoshe, takwimu nyingi zilitoka miaka ya baada ya vita ambapo bei ya pamba ilipaa isivyo kawaida. Kwa hivyo mkulima aliyekuwa na deni zito aliingia katika hesabu kama ushahidi wa neema. Riba iliitwa pango, pango likazaa kodi, na kadiri mtu alivyozama ndivyo alivyoonekana kuelea. Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anayetumia 'kodi' kwa yote mawili hujikuta hana njia ya kuuonyesha mzaha huu mchungu.

Mgomo na lugha yake

Malipo ya awamu ya kwanza yalitakiwa kuanzia katikati ya Februari 1928. Vallabhbhai Patel, aliyekuwa mwenyekiti wa Manispaa ya Ahmedabad, aliitwa na viongozi wa mahali, miongoni mwao ndugu wawili Kunvarji na Kalyanji Mehta, waliokuwa wamefanya kazi ya kuwaunganisha wakulima kwa miaka mingi. Hakukubali mara moja. Alikutana na wajumbe wa vijiji, akawauliza kama wako tayari kupoteza ardhi, akawapa siku za kufikiri, na wakati huo akamwandikia Gavana Leslie Wilson akiomba uchunguzi huru. Jibu halikuridhisha. Tarehe 12 Februari 1928, miaka sita kamili tangu ule mpango wa kwanza ufutwe, mkutano wa Bardoli uliazimia kutolipa hadi serikali ikubali ama kodi ya zamani ama uchunguzi usioegemea upande.

Dai hilo linafaa kusomwa kwa makini. Hawakudai kodi ifutwe. Hawakudai hata kwamba isipande kamwe. Walidai ihesabiwe tena na mtu mwingine.

Tarafa iligawanywa katika kambi, kila kambi na kiongozi wake, na watu wa kujitolea wakatembea kijiji hadi kijiji. Kila siku ilichapishwa karatasi ya habari ya Kigujarati chini ya uhariri wa Jugatram Dave, ikasambazwa bure. Humo mkulima alisoma, au alisomewa, hotuba za jana, nani ameandikiwa notisi, nyati wa nani wamechukuliwa, na kijiji gani kimesimama imara. Hatua hii ilibadilisha mengi. Makadirio ya kodi yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza na kuzungumzwa kwa istilahi za maofisa. Sasa mke wa mkulima aliweza kueleza jinsi riba ya jirani yake ilivyohesabiwa kuwa pango.

Patel mwenyewe alikuwa amesomea sheria London, lakini jukwaani alisema Kigujarati cha watu wa shambani, chenye mifano ya mbegu, majembe, mafahali na mvua, na chenye kejeli kali. Mahadev Desai, katibu wa Gandhi aliyeandika historia ya mgomo huu na kuichapisha mwaka 1929, anaonyesha jinsi lugha hiyo ilivyowatoa watu hofu. Lakabu ya 'Sardar', neno la Kiajemi lenye maana ya mkuu au jemadari, ilimshika hapo na haikumwachia.

Serikali nayo ilikuwa na neno lake, 'japti', yaani kukamata mali ya mdaiwa. Asili yake ni Kiarabu, shina lile lile lililotupa 'dhibiti'. Maofisa wa japti waliingia vijijini na Wapathani walioajiriwa kwa kazi hiyo, na wanakijiji wakawa wanapiga ngoma na mabaragumu mara tu walipowaona kwa mbali. Milango ilifungwa. Vijiji vilionekana mahame mchana, watu wakitoka usiku kuteka maji na kununua mahitaji. Nyati, ambao ndio mali iliyokamatika kwa urahisi, walifungiwa ndani pamoja na watu kwa majuma kadha katika joto la kiangazi. Ulizuka utani kwamba nyati hao, kwa kukosa jua, wamekuwa weupe na sasa ni mabibi wa Kizungu. Utani huo haukuondoa ukweli kwamba familia zililala na mifugo katika vyumba visivyo na hewa.

Wanawake walikuwa uti wa mgongo wa siri hii ya milango iliyofungwa. Mithuben Petit, Mparsi kutoka jamii ya matajiri wa Bombay, Bhaktiba Desai, na Maniben, binti ya Patel, walifanya kazi miongoni mwao. Makumi ya wakuu wa vijiji pamoja na baadhi ya talati walijiuzulu, na kwa kujiuzulu kwao serikali ilipoteza macho yake: ilibaki na daftari bila ya mtu wa kuionyesha ni nyumba ipi ya nani.

Si kila njia iliyotumika ilikuwa nyororo. Huko Valod, wafanyabiashara wawili wa jamii ya Vania, wale ambao Waswahili wamewaita Mabaniani, waligunduliwa kuwa wamepanga na ofisa ili mali yao 'ikamatwe' na kodi iwe imelipwa bila wao kuonekana wamelipa. Walitengwa hadi wakaomba radhi na kutoa fidia. Aliyelipa kodi alijikuta hana kinyozi, hana kibarua, na pengine hana wa kuoa kwake. Gandhi alionya kwamba kutengwa kusimnyime mtu chakula wala tiba. Onyo lenyewe linaonyesha kwamba hatari hiyo ilikuwapo, na msomaji wa leo hana sababu ya kuifunika.

Kufikia Juni habari za Bardoli zilikuwa zimeenea India nzima. Wajumbe kadha wa Baraza la Kutunga Sheria la Bombay walijiuzulu, K. M. Munshi miongoni mwao. Mwezi Julai Gavana alilihutubia baraza hilo na kutoa makataa ya siku 14. Gandhi aliingia Bardoli mwanzoni mwa Agosti kwa kuwa ilitarajiwa Patel angekamatwa wakati wowote. Badala yake, tarehe 6 Agosti 1928 yalipatikana mapatano. Tofauti kati ya kodi mpya na ya zamani ililipwa kwa niaba ya wakulima na mtu wa nje ya mgomo, serikali ikapata heshima yake. Kisha serikali ikakubali uchunguzi, wafungwa wakaachiliwa, ardhi iliyouzwa ikarejeshwa, na waliojiuzulu wakarudishwa kazini.

Broomfield na Maxwell

Uchunguzi ulipewa maofisa wawili wa serikali hiyo hiyo, hakimu R. S. Broomfield na R. M. Maxwell wa idara ya kodi. Broomfield ndiye aliyemhukumu Gandhi kifungo cha miaka sita huko Ahmedabad mwaka 1922. Hakuwa mtu wa kutiliwa shaka ya kuwapendelea wagomaji. Wakulima waliwakilishwa mwanzoni na wakili Bhulabhai Desai, kisha Mahadev Desai na Narhari Parikh wakazunguka na kamati kijiji baada ya kijiji, wakitoa hati za rehani na kuwaita wapangaji waeleze kwa vinywa vyao walichokuwa wakilipa na kwa nini.

Hapo takwimu zikavunjika. Ilidhihirika kwamba uchunguzi wa mashamba uliodaiwa kufanywa haukufanywa ipasavyo, na kwamba majedwali ya pango, ambayo juu yake Kamishna alikuwa amejenga hoja yake yote, hayakuwa yamekaguliwa. Riba zilikuwamo. Miaka ya pamba ghali ilikuwamo. Taarifa ya mwaka 1929 ilipendekeza ongezeko la takriban asilimia 6 badala ya 22. Ikumbukwe kwamba kamati haikusema malipo ya raiyat ni kodi na si pango. Swali la Dutt halikujibiwa. Ilisema tu kwamba hata mwenye kuamini kuwa ni pango alipaswa kwanza kujua pango ni nini.

Nafuu yenyewe haikudumu bila gharama nyingine. Katika harakati za 1930 wakulima wa Bardoli na Kheda waligoma tena, na maelfu wakavuka mpaka na kuingia katika himaya ya Maharaja wa Baroda na mifugo yao. Wahindu hao waliuita uhamaji huo 'hijrat', hijra. Safari hii ardhi nyingi iliuzwa, na mapatano ya Gandhi na Irwin ya Machi 1931 hayakuirudisha ile iliyokwisha kufikia mikono ya wanunuzi. Wenyewe walingoja hadi baada ya Congress kushika serikali ya mkoa mwaka 1937 ndipo jitihada za kuirejesha zikafanywa.

Wasiokuwamo daftarini

Mgomo wa kodi ni silaha ya mtu anayelipa kodi. Hoja hii ni rahisi kiasi kwamba watafiti wengi huipita bila kusimama. Waliokuwa mstari wa mbele Bardoli walikuwa hasa Wapatidar, wakulima wenye ardhi, pamoja na Waanavil na Mabaniani. Walijulikana kwa jumla kama 'Ujaliparaj', watu weupe. Waliobaki, karibu nusu ya wakazi, waliitwa 'Kaliparaj', watu weusi, jina ambalo wafuasi wa Gandhi walilibadilisha katika miaka hiyo kuwa 'Raniparaj', watu wa msitu. Baadhi yao walikuwa na vishamba na waligoma pamoja na wengine. Lakini Wadubla wengi hawakuwa na ardhi yoyote.

Wadubla hao walikuwa 'hali'. Neno hili halina udugu na 'hali' ya Kiswahili. Linatokana na 'hal', jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kijana wa Kidubla alipotaka kuoa alikopa fedha za harusi kwa mwenye shamba, na tangu siku hiyo akawa mkulima wake. Alilipwa nafaka ya kumtosha kuishi hadi kesho, mkewe akafagia zizi na ua wa tajiri, na deni halikupungua kwa sababu hakuna aliyekusudia lipungue. Mwanaye alipofika umri wa kuoa alikopa pale pale. Jan Breman, mtafiti wa Kiholanzi aliyechapisha utafiti wake kuhusu kusini mwa Gujarat mwaka 1974, ameonyesha jinsi mahusiano hayo yalivyochanganya ulezi na unyonyaji hata ikawa vigumu kwa wahusika wenyewe kuvitenganisha.

Wakati wa mgomo hali waliombwa wasimame na mabwana wao, na wengi walisimama. Wakati wa kutengwa, mojawapo ya adhabu za aliyelipa kodi ilikuwa kunyimwa hali wake; yaani nguvu za mtu huyo zilihesabiwa miongoni mwa mali za kunyimana. Kamati ya Broomfield na Maxwell ilizunguka vijijini ikauliza juu ya kodi, pango, rehani na riba. Mkopo wa harusi wa Mdubla haukuwa hata kimoja kati ya hivyo, na katika daftari la raia hapakuwa na safu ya kuuandika.